Faili Yenye Jina la Mutindi

Nairobi
8 Februari 1998

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kikohozi cha Januari kimeisha. Wewe je, miguu bado inavimba? Nasikia mvua hii ya El Nino imeharibu barabara ya kwenu, kwa hivyo sijui barua itakufikia lini.

Nakuandikia kuhusu kompyuta. Mwalimu Musyoka wa huko nyumbani alinipitia kazini, akasema ukiiwasha unaweza kwenda kukamua mbuzi na kurudi kabla haijafunguka. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana ni mimi niliyekuletea. Mashine yenyewe imezeeka lakini haijafa. Kilichopitwa na wakati ni programu inayoiendesha. Nataka tuiondoe ile Windows ya zamani, tuweke Windows 95. Hapo hata historia ya kanisa unayoandika nitaweza kuisoma huku ofisini bila herufi kugeuka vidudu.

Shida ni moja. Diski ni ndogo, haiwezi kubeba ya zamani na mpya pamoja. Nzioka, yule fundi wa Kitui mjini, itabidi aifute yote ndipo aanze upya. Unachotaka kibaki atakinakili kwenye disketi kwanza. Usichokitaja kitakwenda.

Amua, Baba, uniambie.

Binti yako,
Mutindi


Matinyani
1 Machi 1998

Binti yangu Mutindi,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Mahindi yameozea shambani kwa wingi wa maji, jambo ambalo sikutarajia kuliandika nikiwa Ukambani, nchi ya ukame. Miguu ni ile ile. Daktari anasema moyo umechoka kusukuma. Nilimwambia umesukuma miaka sabini na minne, una haki ya kuchoka.

Kuhusu mashine, iache. Nimeizoea ilivyo. Historia ya kanisa imefika mwaka wa 1958, na sidhani kama itasogea sana kutoka hapo. Asante kwa kunifikiria.

Ni mimi babako,
Kiema


Nairobi
22 Machi 1998

Baba mpendwa,

Natumaini unameza dawa zote, si zile tamu peke yake. Mimi sijambo.

Unanikumbusha susu, mama yako, alivyokataa nyumba ya mabati kwa sababu mvua ingempigia kelele. Alilala kwenye nyasi zinazovuja mpaka akafa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimlaumu.

Nzioka anasema alipokuja kukutengenezea kibodi aliisikia diski ikikwaruza. Siku moja itasimama ghafla na hakuna atakayeokoa chochote. Heri tuamue sisi kabla yake.

Tena kuna jambo lingine. Mama aliitumia kompyuta hii miezi yake ya mwisho. Je, kuna chochote alichoandika? Hata kama ni orodha ya vitu vya sokoni. Ikiwa kipo, mwambie Nzioka akinakili kabla hajagusa kitu kingine. Tangu mama apooze sina hata mstari mmoja uliotoka kwake.

Binti yako,
Mutindi


Matinyani
26 Aprili 1998

Mutindi,

Salamu. Nimechoka, kwa hivyo nitakuwa mfupi. Nimekubali. Mwambie Nzioka aje na hizo disketi zake.

Mama yako hakuandika chochote. Alikuwa akicheza karata tu, kama unavyokumbuka.

Babako,
Kiema


Matinyani
9 Agosti 1998

Mwanangu Mutindi,

Nakusalimu. Hali yangu utaijua kwa mwandiko huu. Nalala nimeketi kwa sababu mapafu yamejaa maji, na daktari hanitajii tena mwezi ujao. Kabla sijaondoka ni lazima nikwambie nilichofanya, na nitakieleza kwa mpangilio, kama nilivyofunza watoto wa watu miaka thelathini na mmoja.

Ulipokuwa masomoni India nilikuandikia kwamba kaka yako Musembi alikufa kwa ajali ya gari karibu na Voi, na kwamba kampuni yake ilimzika huko. Hakukuwa na ajali. Alirudi nyumbani kutoka Mombasa mwezi wa Julai 1991, amekonda, midomo ina vidonda. Niliujua ugonjwa. Nilikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikasema ukimwi ni mshahara wa uasherati. Sikumruhusu aingie ndani. Nilimwekea kiti karibu na ghala. Mama yako akampa chai. Alipomaliza, nilimwambia mama yako kikombe kile akitupe chooni. Sikupunguza sauti.

Musembi akasema, "Baba, ningekiosha mwenyewe."

Kesho yake nilimpakia kwenye lori la wanunuzi wa mbuzi, akaenda Tseikuru kwa Nthenya, mdogo wa mama yako. Mama yako alimfuata. Nilipata ujumbe mara mbili kwamba mtoto ananiita. Mara ya pili nilikwenda. Nilifika Mwingi, nikalala kwa Hemedi, yule rafiki yangu wa duka la vitambaa. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye gari la Tseikuru. Nikamwambia sijui nitamwambia nini kijana.

"Panda kwanza, Kiema," akasema. "Ukimwona utajua."

Alipokwenda kufungua duka nikashuka, nikapanda gari la kurudi. Musembi alikufa siku hiyo, akazikwa huko huko. Mama yako aliporudi nilimwapisha kwa Biblia kwamba hatakwambia.

Alitunza kiapo hicho karibu miaka minne. Kiharusi kilipomfunga ulimi, alianza kuandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ilimchukua wiki saba. Faili aliipa jina lako. Ulipokuja kutuona Pasaka aliinyooshea mashine kidole huku analia, nawe ukaniuliza anataka nini. Nikasema anataka kucheza karata. Ukamfungulia karata, ukambusu, ukaenda kupika. Alifariki mwezi uliofuata.

Faili ilikuwa na kurasa kumi na nne. Nilisoma ya kwanza, nikaishia hapo. Miaka mitatu sikukupa wala sikuifuta. Mara nyingi baada ya ibada niliwasha, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikakiondoa. Ndiyo maana nilikwambia uiache mashine ilivyo. Kisha ukaniuliza kama mama yako aliandika chochote, nikaona kwamba Nzioka anaweza kunifanyia kazi ile bila mimi kugusa kitu. Hiyo ndiyo sababu nilikubali, Mutindi. Haikuwa diski wala kanisa.

Nzioka alikuwa na disketi mkononi. "Mwalimu, kuna faili hapa imeandikwa Mutindi. Niiweke?"

"Ni barua za zamani. Alishazipata."

"Una hakika? Nikianza hapa hakuna kurudi."

Nikamwambia aendelee. Nilitoka nje nikakaa, na nilikuwa nikisikia mashine ikifanya kazi mpaka mchana.

Siku hizi inafunguka haraka sana. Nimeiwasha mara moja tu.

Sikuombi unisamehe. Nikisali naanza, halafu nakosa la kuongeza. Nilitaka ujue kwamba mama yako hakukuacha bila neno. Alikuandikia kurasa kumi na nne, na zimepotea, na ni mimi.

Babako,
Kiema


Nairobi
20 Septemba 1998

Baba,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na moja mwezi uliopita. Nzioka alipokuja tena siku chache baadaye, akafungua mashine na kuondoka na diski yake, ni mimi niliyemtuma. Hukumuuliza ni ya nini, naye hakukwambia kwa sababu nilimkataza.

Kazi yangu hapa ni kuwarudishia watu faili walizozipoteza. Faili ikifutwa, maneno yake hubaki kwenye diski kwa muda, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows mpya ilikuwa imekalia karibu kila mahali. Nimeitafuta faili ya mama Jumamosi nne. Katika kurasa kumi na nne nimepata mistari mitatu, isiyo na mwanzo wala mwisho. Nakunakilia kama ilivyo:

"nywa uji kidogo mchana. Aliuliza tena kama baba amefika. Nikamwambia yuko njiani. Akasema basi nimkalishe, nimwekee mto mgongoni, baba asimkute amelala, na nimvalishe lile sha"

Hakuna zaidi. Diski sitairudisha.

Jumamosi ijayo nakwenda Tseikuru, mama mdogo Nthenya anionyeshe kaburi. Nitamuuliza mama mdogo ni mpaka saa ngapi Musembi alikaa hivyo akikungoja.

Mutindi