Nywele Alizozifukia Yudith

Kota za Reli,
Dodoma,
15 Agosti, 1954.

Kaka yangu mpendwa Bartolomayo,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilosa, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge ulichotuandikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Nikodemo ana meno mawili na anauma kila anayemkaribia, hata baba yake Kefa, ambaye akirudi kutoka karakana ya reli haogopi kitu kingine chochote. Mama naye ni mzima. Nilimwacha Mtumba wiki iliyopita akipura uwele, na mavuno ya safari hii si haba, Mungu ashukuriwe.

Kaka, Mjomba Matonya ameniambia kwamba umemwandikia kuwa hukatai, ndoa yako na wifi Yudith ivunjwe, na kwamba aende Hombolo, kwao wifi, mwisho wa mwezi huu kulimaliza shauri. Nakuomba usome barua hii mpaka chini kabla Mjomba hajaondoka. Usiikunje katikati ukisema Zipora ana maneno mengi. Ninayo, tangu utoto, lakini safari hii yana kazi.

Wewe hukuwapo mambo yalipotokea, uliandikiwa tu. Nilikuja kwa Mama kujifungua, na mtoto akazaliwa wiki ya pili baada ya Krismasi, wakati njaa imekaza. Ng'ombe waliobaki hawakuwa na maziwa ya kutosha hata ndama. Tulikula yale mahindi ya njano ya Serikali, na mboga za porini zikipatikana. Karibu na Pasaka nywele zangu zikaanza kutoka. Wifi ndiye aliyekuwa akinisuka, na unajua desturi ya nyumbani: msusi hukusanya kila unywele uliokatika akamkabidhi mwenye kichwa, naye huuficha mwenyewe usiokotwe na mtu mbaya. Mwanzoni zilikuwa chache. Baadaye zilitoka kwa mabonge, mpaka juu ya masikio ngozi ikaonekana. Mama alipoliona paji langu limepanda hadi katikati ya kichwa alipiga kelele, akamwita Mjomba, na swali la kwanza la Mjomba lilikuwa nywele zenyewe ziko wapi. Hazikuwapo. Yudith ana miaka mitano nyumbani mwako bila mtoto, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Watu hawakuhitaji kufikiri zaidi. Waliopita njiani siku ile walimwona akielekea Hombolo na mkeka wake, na hakuna aliyemsindikiza.

Sasa nikueleze niliyoyaona hapa mjini. Mwezi wa sita nilimpeleka mtoto kliniki. Mkunga wa pale ni Bibi Nurjehan, mke wa Tajdin mwenye duka la nguo. Amesomea kazi hiyo Bombei, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Mjomba. Aliona kitambaa changu kimeshuka hadi kwenye nyusi, akaniambia nikivue. Nikakataa. Akauliza sababu, nami, unanijua, nikamjibu kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba nimerogwa na wifi yangu.

Hakucheka wala hakunigombeza. Aliufunga mlango, maana tulikuwa wanawake peke yetu, akawaomba wote waliokaa kwenye benchi wavue vitambaa vyao. Walisitasita. Kisha mama mmoja kutoka Kondoa akaushusha mtandio wake, na wa Bahi akafuata, na wengine wakafuata. Kaka, tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na vichwa tisa vilikuwa kama changu! Pale pale juu ya masikio, pale pale penye paji. Watu ambao hawajawahi kuonana, wengine Waislamu, wengine Wakristo, wengine hawajabatizwa kabisa. Nilijaribu kumfikiria Yudith akizunguka Kondoa na Bahi na Mpwapwa akiokota nywele za watu, nikaona aibu imenipanda mwilini hadi masikio yakawaka moto.

Yule mkunga akatazama kadi ya mtoto, ndipo akanitajia kwamba nywele zangu zilianza kutoka karibu na Pasaka. Tarehe ya kuzaliwa iliandikwa, lakini ya nywele haikuandikwa mahali popote! Nilidhani naye ni mganga. Akasema hapana, ni hesabu ya mwili. Akaeleza kuwa ndani yetu mna tezi ndogondogo zinazotengeneza maji fulani, kidogo kuliko tone, na damu huyachukua kama tarishi achukuavyo barua za bomani. Mwanamke akiwa na mimba, barua hizo huziamuru nywele zikae kichwani zisitoke. Akisha kujifungua amri hukoma, na baada ya miezi mitatu hivi zote zilizokuwa zimezuiliwa hutoka kwa pamoja. Sikujua kamwe kwamba ndani yangu mna serikali nzima, tena isiyoniuliza chochote.

Na njaa nayo, akasema, hufanya vivyo hivyo. Chakula kikipungua mwili huanza kuulisha moyo, na maziwa ya mtoto, na nywele huachwa mwisho. Aliivuta ngozi ya chini ya jicho langu akaiona nyeupe, akasema sina damu ya kutosha. Damu inataka chuma. Nilicheka, nikasema mume wangu anashika chuma kutwa, akanijibu kuwa ni chuma hicho hicho, ila kidogo sana, na kimo ndani ya maini na maharage na majani mabichi. Akanipa vidonge vyake. Jioni nilimtazama Kefa akinawa mikono iliyojaa kutu, nikastaajabu mno kwamba kitu kile kile ndicho kinachonifanya nisimame.

Mama wa Kondoa alitaka kujua kama matajiri hupatwa. Bibi Nurjehan akafungua mtandio wake mwenyewe. Alitueleza kwamba miaka minne iliyopita nywele zake na ncha za nyusi zake zilipukutika, na kwake kulikuwa na wali na samli kila siku, wala hakuwa amezaa. Ilikuwa tezi ya shingoni iliyolegea kazi. Daktari alimpa vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi ya kondoo, na nywele zikarudi. Tuliziona, nyeusi na nene. Tezi ya kondoo, kaka! Tumechinja kondoo wangapi nyumbani tukawatupia mbwa shingo?

Zangu nazo zimeanza kurudi. Ni laini kama za mtoto, zimesimama kuzunguka paji, na Nikodemo huzivuta.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka kurasa mbili kwa woga.

Yudith hakuniibia nywele. Alinikabidhi, kila mara, kama desturi inavyotaka. Mara ya tatu bonge lilikuwa kubwa, na mimi nilishindwa kulitazama. Nilimsukuma mkono, nikamwambia azichukue, akazifukie anakojua mwenyewe, asinionyeshe tena. Akafanya hivyo kwa kunihurumia. Mjomba alipouliza, Yudith alisema ukweli huo huo mbele ya wote, halafu wakanigeukia mimi. Mama alikuwa analia. Niliogopa kuambiwa nimejiletea mwenyewe kwa kuzitoa nywele zangu ovyo. Nikasema sikumwambia hivyo. Maneno mawili tu, kaka, na mkeo akafungasha mkeka.

Alinitazama tu.

Tangu mwezi wa sita najua kwamba hakuna uchawi, na hata kabla ya hapo nilijua kwamba nimesema uongo. Wiki iliyopita ndipo nilipopata moyo wa kutembea kutoka Mtumba hadi Hombolo. Nilimkuta anatwanga, kichwa wazi. Kaka, juu ya masikio yake palikuwa na nywele changa, fupi, zimesimama kama zangu. Wakati ule anazifukia zangu, zake zilikuwa zinatoka. Sote tulikula chungu kimoja, naye ndiye aliyekuwa akipakua, akijipakulia mwisho. Sikuwahi kukitazama kichwa chake.

Alinipa maji. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti uani kwao. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alisema tu kwamba niliyoyasema niliyasema mbele ya watu, basi nikayafute mbele ya watu wale wale. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya Mama, Mjomba na majirani. Najijua nilivyo mwoga, ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Nikishaitia barua hii posta sitakuwa na njia ya kukana tena. Nakuomba nawe umwandikie Mjomba upesi asiende kuivunja ndoa, na uombe ruhusa shambani, hata ya siku tatu.

Kefa anakusalimu. Mama anakusalimu sana. Bado hajui nilichokuandikia. Nilimwuliza Yudith kama ana salamu za kukuletea. Akasema anazo, lakini hazipitishi tena mdomoni mwangu. Ukizitaka, uje uzichukue mwenyewe.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,
Zipora.