Kilichoingia Kikundi cha Matanga

Jumanne

Na nilikuwa nimejiambia nisitume kitu kabla ya chai!

Asubuhi nilikata wimbo wangu mpya mara tatu: kipande cha TikTok, cha Facebook, na cha status ya WhatsApp. Hicho cha mwisho, napiga ngoma yetu ya isukuti bila shati, kikaingia kikundi cha matanga ya babu. Watu wanapanga jeneza na mahema, mimi natingisha mabega. Nikakifuta mbio.

Baadaye akapiga senje, dada ya baba, mwenyekiti wa kamati. Nilisimama kabisa ndio nipokee.

"Wewe ndio unapiganga hiyo ngoma?"

"Ni mimi, senje. Unisamehe, nilikosea, nimeshafuta..."

"Umefuta nini na mimi nimeshawatumia watu wetu wa Lubao? Mzee alipenda isukuti. Ijumaa utapiga tukimtoa mochari mpaka nyumbani Iguhu. Na shati uvae."

Mwaka mzima nabembeleza watu kila mtandao wanisikilize. Hii kazi imekuja yenyewe, kwa makosa, na najua naiweza.

Ila woga upo, nisijidanganye. Siku hizi nimezoea kupiga vipande vya sekunde chache. Ijumaa hakuna kukata. Ukisimamisha ngoma njiani, wazee watageuka wote wakuangalie.

Kwa hivyo jioni nimeacha simu kwa chaji, nikafunga mlango, nikapiga wimbo wote mara tano bila kupumzika.

Mikono haijasahau.