Dakika Arobaini za Kiherehere

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi sijambo kwa kusema, ila hamu ya kula imenikimbia, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Uliniuliza habari za mbwa wetu Kiherehere. Ulisema nihamie kwako baada ya msiba, na mbwa nije naye, kwa sharti moja tu: ajifunze kubaki peke yake, maana mchana nyote mko kazini na majirani zenu hawataki kelele. Hukukosea. Tangu tumzike Mama amezidi: nikishika funguo tu anatetemeka, na nikitoka analia mpaka mtaa mzima unajua kwamba fundi saa kaenda dukani. Mlango kaukwangua wote chini.

Basi nikaitafuta ile karatasi tuliyopewa mwaka jana na daktari wa mifugo. Inasema shika funguo, kisha keti tena, mpaka mlio wake usimtishe. Toka dakika moja urudi. Kesho mbili, halafu tano. Usiage ukitoka, wala usimshangilie ukirudi. Mwachie nguo yenye harufu ya mtu ampendaye. Dakika ndiyo kazi yangu, nikazipima kama dawa. Nikamtandikia sweta la Mama chini ya kiti chake Mama, na simu ya zamani nikaiweka juu ya kabati irekodi.

Siku ya tisa nilikaa nje dakika arobaini na hakulia. Nilifurahi, nikakaa nitazame video. Alinung'unika kidogo mlangoni, akanyamaza, akageuza masikio upande wa chumba cha Mama. Akaenda huko, kisha akarudi polepole: hatua mbili, akasimama, hatua mbili, akasimama. Unakumbuka goti bovu la Mama, na jinsi mbwa alivyokuwa akimsubiri kila baada ya hatua mbili. Alipofika kwenye kiti akainua mguu wa mbele kama anayempa mtu mkono, na mguu ukabaki hewani muda mrefu bila kuyumba.

Nikajiambia kuwa mazoea yana tabu, hata kwa mbwa. Kisha seremala jirani yetu akaja kurekebisha mlango, akanitania kwamba Kiherehere amerefuka. Nilipomuuliza ana maana gani, akanionyesha mikwaruzo mipya, myembamba, usawa wa kifua changu. Mbwa mwenyewe hanifiki gotini.

Dada, nilikudanganya. Nilikwambia Mama alipokata roho nilikuwa jikoni nachemsha maji. Sikuwepo. Karatasi ile niliitumia kwa wagonjwa wawili. Unajua Mama mwaka wake wa mwisho hakuweza kuachwa peke yake. Nikigusa funguo analia kama mtoto, nami nilichoka, nikaona dawa ya mmoja itamfaa na mwenzake. Nikawa natoka bila kumuaga, dakika moja, tano, kumi, mpaka akaacha kulia, nikadhani amezoea. Siku ile nilikwenda kwa kinyozi kucheza drafti alasiri nzima. Kiherehere alilia, majirani wakasema ndiyo kawaida yake. Nilimkuta Mama sakafuni, mkono wake umeegemea mlango. Nimekuficha kwa aibu, na aibu hiyo inanila.

Mbwa amepona, unaweza kumchukua hata kesho. Mimi siwezi kuhama. Siku hizi kabla ya kutoka nasimama mbele ya kiti, namwambia Mama niendako na saa nitakayorudi, na nikirudi kwa wakati naukuta mlango kama nilivyouacha.

Jana nilichelewa dakika sita. Seremala itabidi arudi.

Wasalimie wote kwa jina langu, na watoto uwabusu. Ukija, piga hodi kwa sauti, na tafadhali, dada, usiondoke kimya kimya.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Saa