Moto Usioonekana Juani

Jumatatu, 6 Septemba 1982
Mafuta ya taa hakuna Karatu, hakuna Arusha. Kukata kuni huku Olbalbal marufuku. Sasa Bwana Clemensi, bosi wa kambi hii ya watalii, kaleta madumu mawili ya spiriti na majiko yake. Eti Wazungu ndiyo wanayotumia. Ananifundisha mimi! Mimi niliyepika Nairobi miaka minne, nikalisha hadi Mjapani!

Ndani ya hema la jikoni mvuke unakata macho. Hhando, msaidizi wangu, baba wa watoto watatu, katapika mara mbili. Kichwa kinanigonga. Bosi kasema tufungue dirisha. Dirisha la hema! Mjinga yule.

Jumanne, 7 Septemba
Nimetoa majiko yote nje, juani. Akili yangu hiyo. Hewa safi, watalii wanapiga picha. Hhando akauliza, kaka, likizima je? Nikamwambia usipoona moto mwaga nyingine, uwashe. Kazi ya darasa la kwanza. Akacheka.

Alhamisi, 9 Septemba
Naandika kwa shida. Mkono umebabuka.

Saa saba mchana, jua la kupasua mawe. Hhando kaangalia jiko, haoni moto. Hata mimi sikuuona! Akamiminia spiriti, kumbe bado linawaka. Moto ukapanda hadi kwenye dumu, dumu likapasuka, spiriti yote kifuani kwake. Anaruka, anapiga kelele, na hatuoni kinachomchoma – shati tu linajikunja, linakuwa jeusi. Mungu wangu! Tajewo, mlinzi, akamfunika kwa blanketi lake, tukamwangusha, tukamgaragaza. Maji ya kuoga ya watalii nikammwagia yote. Mtalii mmoja akauliza, yeye ataoga nini? Nilimjibu kwa Kiingereza changu chote.

Jumamosi, 11 Septemba
Nimetoka hospitali kumwona Hhando. Bandeji toka kidevuni hadi kiunoni, na vidole vyote. Mkewe, Paskalina, anamnywesha uji kwa kijiko cha chai.

Narudi kambini nakuta ripoti ya Clemensi: Hhando alikuwa amelewa! Ushahidi? Alinuka pombe. Alinuka kile kile kilichomchoma, mbwa wewe! Hhando mlokole, hata togwa anauliza kwanza ina siku ngapi. Mlevi wa kambi hii ni mimi, kila mtu anajua, na siku ile hata mimi nilikuwa mkavu!

Akiandikwa mlevi, hakuna fidia, hakuna kazi. Na vidole vile havitashika jembe leo wala kesho. Clemensi anataka nisaini kama shahidi. Nikamwambia asaini mama yake. Hakukasirika. Akatabasamu. "Sawa, Mpishi. Kama hakulewa, basi nani alimfundisha kumwaga?"



Jumanne, 14 Septemba
Afisa Kazi kafika. Mtu wa miwani, mpole. Tumekaa chini ya turubai: yeye, Clemensi, Paskalina, mimi. Clemensi kaanza na pombe yake. Paskalina akasimama, akasema mume wangu halewi, muulizeni huyu, miaka sita wako pamoja. "Shemeji, si uwaambie!"

Nikasema hakulewa. Kwa sauti, hadi watalii wakageuka. Afisa akaandika. Paskalina akalia, akanishika mkono huu huu mbovu, akaniita ndugu yao.

Ndipo Afisa akauliza: sasa mtu mwenye akili zake, aliongezaje spiriti kwenye jiko linalowaka? Clemensi akanigeukia, taratibu kabisa.

Nikasema tumbo.

Niko chooni. Naandika gotini. Nikisema, kazi imekwisha, labda na polisi juu. Na Clemensi, aliyeleta sumu ile bila neno hata moja la tahadhari, atatoka msafi! Hilo ndilo linaniua. Nisiposema, maneno yangu yote yanakuwa ya mlevi anayemtetea mlevi mwenzake.

Wananiita. Mara ya pili sasa.

Nimelisema polepole, peke yangu humu, nilisikie lilivyo: ni mimi niliyemwambia amwage. Nikarudia.

Tajewo huko nje anauliza, Mpishi, unaongea na nani humo?