Muuguzi Kanitoa Nje

Jumanne jioni

Ati nimetolewa nje! Mimi, kwa umri huu, na muuguzi ambaye ningeweza kumzaa mama yake.

Nilimpeleka mjukuu wangu Salma, wa miaka kumi na sita, kituo cha afya cha hapa mtaani Bwiza kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi akamwuliza kama anavuta sigara. "Apana," nikajibu. Anakunywa pombe? "Apana, sisi ni Waislamu." Bangi? "Astaghfirullah!"

"Bibi," akasema kwa upole, "mugonjwa ni nani?"

Ni mazoea ya ukimbizi. Tangu tutoke Uvira nimewajibia watoto wote, mpakani na kambini, na jibu fupi ndilo lililotuvusha. Muuguzi akanifungulia mlango, akanisihi nisimhoji mtoto baadaye. Nikakaa kwenye benchi, nimenuna.

Salma alitoka akitabasamu. "Ameniuliza yaleyale, Bibi. Ila mi nimejibu tofauti."

Hotuba ilikuwa tayari, pamoja na aya zake. Nikaimeza, tukatembea hadi Jabe, mtaa wa jirani. Sijawahi kuona Jabe iko mbali hivyo.

Karibu na soko akasema mwenyewe: "Ni bia, Bibi. Mara mbili, na wenzangu wa shule. Muuguzi anataka nirudi tuongee tena. Umekasirika?"

Nimeogopa, nakiri. Lakini ameniambia bila kuulizwa. Mama yangu alikufa bila kusikia hata moja ya siri zangu, na zilikuwa nyingi.