Masikio ya Swedi

Miyuji, Dodoma
4 Agosti 2025

Kwa shemeji Abdulrahim,

Assalaam alaykum. Mimi na dada yako Rukaya hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imemkamata magoti. Habari za huko Kondoa? Wifi yake Rukaya hajambo? Alizeti mmemaliza kupura?

Naandika kwa sababu tukipigiana simu, dakika ya tatu tunagombana. Asma wetu ameshapanga. Ndoa ni Ijumaa tarehe 26 Septemba, huko huko Kondoa, kwenye uwanja wa marehemu babu yake. Hataki muziki wa kukodi. Anataka dufu, na anataka baba yake na mjomba wake wapige wamekaa pamoja. Kasema, "Msipokaa pamoja, hata picha sipigi." Unamjua, hasemi mara mbili.

Nami nimemjibu kwamba kuna jambo la kumaliza kwanza. Mwaka 2002 kundi letu la kaswida lilikosa ngao ya mashindano kwa sababu dufu moja lilichelewa. Ulikiri mbele ya mzee wako, aliyekuwa mwalimu wetu, kwamba ni wewe. Halafu tulipotoka nje ukaniambia, "Swedi, wewe huna masikio." Neno hilo ninalo kifuani miaka ishirini na mitatu. Nitakaa nawe ukilifuta.

Sasa sikia. Rukaya ameikuta kanda ya siku ile chini ya sanduku lake la nguo. Nimempelekea Anitha, binti mwenye duka la vyombo vya sauti hapa mjini, akaigeuza kuwa faili. Nikamwambia nataka masikio. Akacheka, akanitolea hedifoni za kujaribu. Shemeji, nilidhani hedifoni ni hedifoni tu, kumbe ni kama sufuria, ya ugali si ya chai. Alinipa kwanza zile kubwa zisizo na waya, zinazofunika sikio zima na kuinyamazisha dunia. Nimezivaa kwenye basi la wafanyakazi hadi masjala yetu Mtumba, injini siisikii, na Matonya wa kiti cha nyuma na habari zake za kuku simsikii. Raha tupu. Lakini kanda yetu zinaivimbisha, besi inameza kila kitu, madufu kumi yanakuwa ngoma moja. Hizo ni za safari. Kisha akanipa ndogo za kuchomeka tunduni. Kwa kisomo cha Kurani hazina mfano, unamsikia msomaji anavyovuta pumzi. Ila kundi zima likiingia mle, watu wanasongamana katikati ya kichwa chako na hujui nani ni nani.

Anasema iko aina ya tatu, ameiagiza. Ikifika, tutajua nani hana masikio.

Shemeji yako,
Swedi


Kondoa
11 Agosti 2025

Shemeji Swedi,

Wa alaykum salaam. Barua nimeipata kwa kondakta, imekunjwa mara nane. Sisi wazima. Alizeti imepurwa, na panya wamechukua fungu lao bila kuuliza. Mwambie Rukaya ajikande kwa maji ya moto, ingawa najua hatafanya. Tangu utotoni hasikii dawa wala mtu.

Habari za hedifoni nimezisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima unanunua masikio dukani! Kanda iache, Swedi. Nilikiri mbele ya watu, baba akaninyang'anya dufu, nikakaa misimu mitatu naangalia wenzangu wakipiga. Unataka nini tena?

Lakini huachi, nakujua. Basi nikupe mtihani. Kabla hatujaanza siku ile, baba alituambia neno kwa sauti ya chini. Kanda hiyo tuliipiga sana enzi zile na hakuna redio iliyowahi kulitoa. Ukinitajia, nitakubali kwamba hedifoni zako zina masikio. Ya kwako siahidi.

Shemeji yako,
Abdulrahim


Miyuji, Dodoma
20 Agosti 2025

Shemeji Abdulrahim,

Assalaam alaykum, natumaini mmeamka salama nyumba nzima. Sisi salama, na mimi zaidi ya salama.

Zimefika. Hizi ni za waya, na vikombe vyake mgongoni viko wazi, vina wavu tu, hewa inapita. Kwenye basi ni upuuzi mtupu, maana Matonya utamsikia naye atasikia unachosikiliza. Zinataka chumba kimya na mtu asiye na haraka. Bei usiniulize, hata dada yako hajui. Jumapili asubuhi Rukaya alipokwenda sokoni nilizima friji, nikamfungia jogoo stoo, nikakaa.

Shemeji, sauti zimetoka kichwani mwangu zikaenda kukaa mbele yangu. Kila mtu na mahali pake. Nimesikia kuni zikipasuka pale tulipokuwa tunapasha moto ngozi za madufu. Nimesikia mtu akifunga kanzu yake. Na nimemsikia mzee, karibu kabisa, anasema, "Macho kwenye ngozi, vijana, si kwa wasichana." Nilivua hedifoni nikageuka nyuma kutazama kama yupo. Sijui nilitaka kumwamkia au kukimbia.

Sasa lililobaki. Kaswida ya tatu, ubeti wa mwisho, dufu linachelewa. Linatoka sikio la kushoto, mwisho kabisa wa mstari. Na mwisho wa kushoto alikaa nani? Wewe. Mimi nilikuwa mwisho wa kulia. Nimerudia mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati. Masikio ninayo, na sasa yana ushahidi. Futa neno lako, nami nitakuja kukaa nawe kwa moyo mweupe.

Shemeji yako mwenye masikio,
Swedi


Kondoa
25 Agosti 2025

Shemeji,

Sisi hatujambo. Mtihani umefaulu, hayo ndiyo maneno ya baba. Nimekaa na barua yako nje kwa muda mrefu.

Neno langu nimelifuta. Ni mimi niliyechelewa, kama nilivyosema siku ile. Njoo na dufu lako, mtoto afurahi.

Shemeji yako,
Abdulrahim


Miyuji, Dodoma
7 Septemba 2025

Abdulrahim,

Leo siulizi hali, nisamehe, mkono unakimbia.

Barua yako ilinipa sherehe ya wiki nzima. Nilimwonyesha Asma, nilimwonyesha hata Matonya. Jana nikamvalisha Rukaya hedifoni, nikamwambia asikilize upande wa kushoto kaka yake anavyotuharibia. Akasikiliza, akazivua taratibu, akaniuliza, "Kushoto kwa nani?"

Alikuwepo, unakumbuka. Alikaa na wanawake, nyuma ya kigoda kilichobeba rekoda, na rekoda ilikuwa imetutazama usoni. Kushoto kwake ndiko kulia kwetu. Miaka yote hii karani wa masjala, najua kila faili liko rafu gani, nimeshindwa na hilo. Rukaya akasema, "Huyo ni wewe, Swedi. Nilikuwa nakutazama, na wewe ulikuwa unanitazama mimi."

Nikazivaa tena. Safari hii niliusikiliza upande wa kulia, upande wako. Ubeti wote uko sawasawa kama saa. Mimi nachelewa. Pigo moja baadaye, nawe unachelewa, tena kwa nguvu kuliko mimi, ili mzee ageuze kichwa kwako. Redio zetu zilichanganya vyote viwili vikawa kosa moja, na siku ile mimi ndiye niliyesimama nikakuonyesha kidole mbele ya watu.

Nimeona aibu, Abdulrahim. Kwa nini ulifanya vile, na kwa nini ulinyamaza hata mwezi uliopita nilipokuwa natamba?

Nakutumia hedifoni kwa basi la kesho, pamoja na kichezeshi kidogo cha sauti ambacho Anitha amekiwekea faili. Bonyeza kitufe cha kati. Chumba kiwe kimya. Tarehe 26 nitakuja kumwozesha mwanangu, lakini dufu sitalibeba mpaka wewe useme. Sina haki ya kukaa pembeni yako.

Swedi


Kondoa
14 Septemba 2025

Swedi,

Assalaam alaykum. Naona umesahau salamu, kwa hiyo nakusalimu mara mbili. Mzigo umefika salama. Sisi wazima, na mbuzi wa harusi ameshanunuliwa, anakula vizuri kuliko mimi.

Umeniuliza kwa nini. Wiki ile barua yako ya posa ilikuwa chini ya mto wa baba, hajaijibu. Na alikuwa ameshasema mezani, Rukaya akiwepo, kwamba kijana asiyeshika mapigo hatashika nyumba. Dada yangu usiku ule hakula. Ulipochelewa niliona kichwa cha mzee kinaanza kugeukia upande wako. Nilikuwa na pigo moja tu la kuamua.

Usinifanye walii. Uliponionyesha kidole nilijuta palepale, ndiyo maana tulipotoka nje nikakwambia huna masikio, na misimu ile mitatu bila dufu nilikuchukia kwa moyo wangu wote. Kisha Asma akazaliwa, mkamleta nimpakate, nikakosa pa kuanzia kuyasema. Na mwezi uliopita ulikuwa na furaha mno. Nani angekuharibia?

Hedifoni nimezivaa mara moja, ghalani, juu ya magunia, pale pana kimya. Kosa letu sikulifikia. Nilisikiliza "macho kwenye ngozi", nikarudisha, nikasikiliza tena, mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa. Kwa hiyo hedifoni sirudishi, na usimwambie Rukaya bei.

Tarehe 26 njoo na dufu, na ufike mapema, ngozi zipate moto. Hukai mwisho wa mstari tena, utakaa kulia kwangu, bega kwa bega. Rukaya tutamweka mbele, umtazame utakavyo. Ukichelewa, nitachelewa.

Ndugu yako,
Abdulrahim