Faini ya Dume Masika

Dar es Salaam,
4 Machi 2024

Kwako Babu Makoye,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, kwa Kisukuma chetu, usije ukasema mji umeninyang'anya lugha. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha. Mguu unasemaje? Na bibi, mke mwenzangu mkubwa, bado ananionea wivu?

Babu, nimekubaliwa! Utafiti wangu umepita na maabara wamenipa tanuri. Kazi yenyewe ni hii: mfupa wa ng'ombe ukiuchoma kwa moto mkali sana, mafuta na uchafu wote unateketea, unabaki mweupe na mgumu kama kikombe cha chai. Hiyo ndiyo kauri. Ina vitundu vidogo vidogo, na mtu akiwekewa pale mfupa wake ulipopungua, mfupa wake mwenyewe unaota na kupenya humo ndani. Mwili haugombani nayo!

Unajua ni nani niliyemfikiria. Tangu Masika, dume lako, akupige lile teke, na daktari akatoa kipande cha mfupa kilichooza, sina hamu nyingine ila kuona pengo lile limezibwa nawe unakwenda malishoni bila magongo.

Naomba mifupa ya mapaja ya ng'ombe wa huko kwetu. Yoyote tu, hata ya machinjioni. Baba mdogo Sadock aifikishe kwa shangazi Paskalina, Chapwa kule mpakani, naye ataipakia basi la Dar.

Mjukuu wako na mke mdogo,
Shani


Ivuna, Momba,
29 Machi 2024

Mke wangu mdogo Shani,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima, mvua ipo na mpunga umesimama vizuri. Mguu ni ule ule, unauma na kunitukana. Mke mwenzio anasema umesoma sana lakini ugali bado hujui kusonga.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, halafu nikawasomea wazee kwa sauti. Tulipiga kelele kama vijana! Lakini umekosea jambo moja. Unaombaje mfupa wowote, tena wa machinjioni? Kwetu aliyemvunja mtu mguu ndiye anayetozwa. Hatumkamati mpita njia. Basi tukaitisha kikao. Masika akafungwa katikati ya boma, akasomewa kosa lake, akaulizwa kama ana la kusema. Akakojoa. Wazee wakasema amekiri.

Tukamchinja. Machozi yalinitoka, sikufichi, maana dume lile nililipenda, na wewe ulikuwa unamwimbia akiwa ndama. Nyama wamekula majirani wote. Mifupa ndiyo hii. Ule wa mguu ulionipiga nimeufunga kitambaa chekundu usije ukachanganywa.

Uchome upesi, uulete, nijaziwe pengo. Mvua zijazo nataka niwe nyuma ya ng'ombe, siyo mlangoni na kuku.

Babu yako na mume wako,
Makoye

Mpeleka barua: Sadock, kwa pikipiki, maana mimi hata barabarani sifiki.


Dar es Salaam,
20 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini mmevuna salama. Mimi nimekonda kidogo, lakini nina raha isiyosemeka.

Masika alifika, ingawa nusura amfukuzishe shangazi nyumba. Majirani wa Chapwa waliona mfupa wenye kitambaa chekundu ukichungulia guniani, wakadhani ni uchawi, wakaita mwenyekiti wa mtaa. Hata wateja wa shangazi, Wazambia, walisimama ng'ambo ya barabara na kwacha zao mkononi. Ikabidi shangazi awasomee barua yako, ndipo wakaanza kucheka.

Habari ya kile kikao ilinitoa machozi, halafu nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nikaingia kazini. Mifupa ya kwanza ilipasuka yote tanurini. Iliyofuata ikapasuka pia. Ukabaki ule wa kitambaa. Niliupandishia moto polepole, nikauacha upoe humo humo mpaka kesho yake. Nilipofungua, Babu, mzima! Mweupe! Ukiugonga kwa ukucha unalia! Tukapanda juu yake chembe hai za mfupa wa mtu, na kwenye hadubini tukaziona zimejishika na kuzaana. Msimamizi wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alipiga vigelegele.

Sasa kuna neno gumu, na furaha ilinifanya nichelewe kulisema. Masika hawezi kuingia mguuni mwako. Lazima ajaribiwe kwanza kwa kondoo, kisha vitafutwe vibali, na hayo ni mambo ya miaka. Ila ipo kauri kama hii, ya mfupa wa ng'ombe wa ng'ambo, iliyokwisha kupimwa na kukubaliwa. Daktari Ambilikile wa Mbeya ameona picha za mfupa wako. Ataichanganya na mfupa kidogo wa nyonga yako. Anakungoja mwezi wa nane. Anasema ukichelewa zaidi, mguu utabidi ukatwe.

Nenda, Babu.

Mjukuu wako,
Shani


Ivuna,
8 Julai 2024

Shani,

Marahaba. Wazima.

Ng'ombe wa ng'ambo? Amefanya kosa gani? Hajafika Momba, hajui hata sura yangu. Nimchinje dume langu, halafu anilipe mgeni asiye na hatia? Nikitembelea mfupa huo nitakuwa nimenyang'anya.

Siendi Mbeya. Nitamngoja Masika.

Makoye

Mpeleka barua: Sadock.


Dar es Salaam,
15 Julai 2024

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo, hata kama umenuna. Hali yangu si nzuri, na sababu unaijua.

Unakumbuka baba mdogo Sadock alipokuwa kijana akamtoa jino mtoto wa mzee Justine? Hakuwa na hata kuku. Nani alitoa mbuzi? Wewe na kaka zako. Hukumwambia mzee Justine asubiri mpaka Sadock apate zizi lake. Ukoo ulimlipia, na Sadock naye akabaki na wajibu wa kuwatolea wengine. Umenisimulia mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Masika leo hana cha kukupa. Mwache ndugu yake wa ng'ambo amlipie. Naye Masika zamu yake ikifika atamlipia mwingine, labda mtu aliyeanguka na pikipiki huko Itaka, mtu ambaye wala hamjui. Ng'ombe nao ni ukoo, Babu. Ukikataa, Masika atakuwa amekufa bure, na wewe utakatwa mguu.

Ninaogopa. Nakuomba, itisha kikao kingine.

Mke wako mdogo,
Shani


Dar es Salaam,
2 Desemba 2024

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu.

Daktari Ambilikile ameniambia ulikwenda na ukapasuliwa. Nilirukaruka maabara nzima! Lakini anasema siku ya kupigwa picha hukurudi. Mfupa umeshika au haukushika? Nikimpigia baba mdogo ananijibu, "Mzee kasema usiulize," halafu anakata. Shangazi naye ndiyo kwanza anaguna. Mnanificha nini? Kama mguu umekatwa, niambieni.

Hata habari njema nashindwa kuifurahia peke yangu. Kondoo tuliyemwekea Masika amesimama. Jana alimkimbiza mhudumu kuzunguka banda zima!

Nijibu hata mstari mmoja.

Shani


Kituo cha basi, Ivuna,
11 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Pokea marahaba zako zote nilizozilimbikiza. Sisi wazima. Mke mwenzio amenenepa kwa kunicheka.

Nisamehe kwa kimya. Kikao kilikaa, tukabishana mpaka pombe ikaisha. Yule Justine uliyemtaja ndiye aliyenimaliza. Alituonyesha picha ya mwanawe mwenye pengo la jino, akasema, "Makoye, mbuzi yule nilimpokea, sikuuliza ni wa nani. Na wewe pokea." Nikaenda Mbeya.

Nilipotoka nikaapa kwamba barua itakayofuata hataibeba Sadock wala pikipiki yake. Ndiyo maana niliwafunga midomo. Nilianza kwa magongo mpaka zizini. Kisha gongo moja mpaka kisimani. Kisha fimbo yangu ya kuchungia tu, nyuma ya ng'ombe, matope mpaka magotini, na mvua inaninyeshea kichwani! Picha nimekwenda kupigwa wiki iliyopita, nikagombezwa kama mtoto kwa kuchelewa, halafu daktari akanionyesha: pengo halipo. Huyo ng'ombe wa ng'ambo ni mtu mwema. Bibi yako anadai sasa natembea kwa madaha ya kizungu.

Endelea na Masika wangu, wala usiharakishe vibali. Nimemsamehe. Siku atakapoingia mguuni mwa mtu, mwambie mtu huyo kwamba dume lile lilikuwa na mbio, na teke kali pia.

Basi limefika na kondakta ananipigia kelele nimpe barua. Acha apige. Nimelifuata barabarani mwenyewe, na nitampa nikitaka.

Babu yako na mume wako,
Makoye

Mpeleka barua: Makoye, kwa miguu yake miwili.